Sifa ya Oili Ivujayo

Wazee wa pwani walikuwa na neno moja kwa vitu viwili. Sifa ni maneno mema anayotolewa mtu mbele ya hadhara, na sifa ni mafuta ya papa yaliyopakwa kwenye mbao za jahazi ili zisioze, yenye harufu inayomfikisha baharia nyumbani kabla hajabisha hodi. Madhali lugha yenyewe imekwisha kuvifungisha ndoa vitu hivyo, nami sina kipaji cha kusifu masultani, naomba ruhusa niitoe sifa ile ya kwanza kwa jamaa wa karibu wa sifa ya pili: oili nyeusi inayodondoka, tone baada ya tone, chini ya injini kuukuu ya dizeli katika mashua iliyofungwa ufukweni Magogoni, ambayo kila aikanyagaye huilaani, na hapana hata mmoja aliyewahi kuitungia beti.

Hatim Tai, ambaye ukarimu wake umekuwa mithali kwa Waarabu na kwetu pia, alimpa aliyemwomba. Oili hii humpa hata asiyeomba. Humpa fundi viganjani, humpa nahodha kwenye kikoi, na mwaka juzi ilimpa shemeji yangu, aliyepita kuitazama mashua akiwa katika kanzu ya Ijumaa na kuketi penye kivuli bila ya kuuliza, doa la ukubwa wa sahani mahali ambapo mtu hawezi kupaona mwenyewe, wala waumini waliosali safu ya nyuma yake hawakuwa na ujasiri wa kumwambia.

Lakini fadhila yake kubwa si ukarimu, ni ukweli. Injini ni chuma kilichofungwa pande zote, na maradhi yake hufichika kama siri ya nyumba yenye heshima. Oili peke yake ndiyo itokayo nje kuja kusema. Ringi za pistoni zikichakaa, moshi wa mwako, ambao kazi yake ni kuisukuma pistoni, hupenya pembeni ukashuka katika sampu, lile bakuli la oili lililo chini. Na pumzi hiyo, isipopata njia ya kutosha ya kutokea, huisukuma oili kwenye kila mlango dhaifu, mara sili ya nyuma ya krenkishafti, mara gasketi ya sampu, mara kifuniko cha valvu. Mtu mwepesi hubadilisha sili. Nami nalikuwa mtu mwepesi: niliibadilisha sili ile ile mara mbili katika mwaka mmoja, kila mara nikiteremsha giaboksi na kulala kifudifudi katika maji ya ngama, na mara ya tatu nikanunua silikoni Gerezani, nikaipaka kwa wingi kama ampakiaye mgeni wa arusi mkate siagi, hata oili ikanyamaza. Ilinyamaza siku tisa. Siku ya kumi ilitokea kwenye tundu la kijiti cha kupimia, baada ya kukirusha kijiti chenyewe hata darini mwa kibanda. Ndipo fundi wangu, mzee asiyependa maneno, alipoufungua mrija wa pumzi akaukuta umezibwa na ukoko wa masizi, akausafisha kwa mafuta ya taa kwa muda wa nusu saa, asinitazame usoni.

Mzee huyo ndiye aliyenionyesha kwamba oili ni mwalimu asiyemkubali mwanafunzi wa haraka. Kwa kuwa hushuka, na kwa kuwa upepo wa gurudumu zito huipeperusha, pale inapodondokea aghalabu si pale ilipotokea. Yeye huiosha injini nzima, huikausha, huinyunyizia poda, hii hii ya watoto wachanga, kisha huiwasha akaketi. Na katika weupe ule hutokea mstari mmoja mweusi, naye huufuata kwa kidole, akipanda, mpaka kwenye asili yake. Washa ya shaba iliyokwisha kukakamaa haitupi, bali huichoma mpaka iwe nyekundu, akaitosa majini, ikarudi laini. Gasketi hukata kwa karatasi ngumu anunuayo Kariakoo, ambayo huilaza juu ya chuma chenyewe na kuigonga kingo kwa nyundo ndogo, hata chuma kikajikatia umbo lake. Wala hakazi boliti kwa ghadhabu, maana sampu ya bati iliyokazwa kupita kiasi hupinda, na ikipinda hapana karatasi iwezayo kuisitiri.

Anionaye kuwa nimechupa mipaka na aende Kigoma. Iko huko meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, mwaka ule ule ambao Rudolf Diesel, aliyeibuni injini hii iliyonitesa, alitoweka baharini safarini kwenda Uingereza. Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwezi wa Julai 1916, wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikiendeshwa na mitambo ile ile ya mvuke. Ndivyo mafuta yanavyolinda chuma, na ndivyo ilivyo katika injini yangu: ubavu unaovuja ni mzima kama siku ulipotoka kiwandani, ilhali ubavu mkavu, ambao niliupangusa kila Jumamosi kwa majivuno, umeliwa na kutu ya chumvi.

Sitaificha aibu ya mpenzi wangu huyu, oili. Tone likiuvuka ubao wa mashua likaingia baharini, sifa zangu zinakoma hapo hapo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973, uliorekebishwa mwaka 1978, hauruhusu meli kumwaga maji ya ngama yenye oili zaidi ya sehemu 15 katika milioni, na soko la samaki la Feri liko hatua chache kutoka hapa. Kwa hiyo mimi huifyonza oili ya ngama kwa matambara kabla ya kukumba maji, na chini ya sampu nimetega kopo la maziwa ya unga. Juzi lilikuwa na kidole kimoja cha oili, leo asubuhi vidole viwili. Ringi nimekwisha kuagiza.