Shangazi, Mpapai Wangu Hauzai

Barua za safari hii nyingi zimetoka Kilimarondo, nyingine Nachingwea kwingineko na Ruangwa. Ndiyo kiangazi hicho. Mvua yetu ni ya msimu mmoja: inaanza Novemba mwishoni au Desemba, Aprili au Mei imekata, na kuanzia hapo kila mwenye tuta la mchicha anagombana na mtu. Anagombana na kuku, na jirani, na mke, na ndoo. Kwa ndoo Shangazi hana dawa. Mengine tuyajaribu.

*Shangazi shikamoo. Nina mipapai mitano nyuma ya nyumba, ina mwaka na nusu sasa. Inatoa maua mengi, marefu, yananing'inia kama shanga, lakini papai sijaona hata moja. Jirani kanishauri nipigilie msumari shinani. Mama mkwe anasema niikate vichwa. Fundi baiskeli anasema niifunge kanga kiunoni, eti itaona haya igeuke jike. Msumari ninao, panga ninalo. Kanga ya mke wangu ndiyo naogopa kuiomba.*
*Baba Papai, Kilimarondo*

Marahaba, mwanangu. Kanga iache sandukuni. Hayo uliyonayo ni madume matupu, na hayo maua marefu ndiyo ushahidi. Ua la jike halining'inii. Ni nene, limebana kwenye shina pale jani linapoanzia, na ukifunua petali zake utakuta kipapai kichanga kimekaa ndani, saizi ya ukucha. Dume halina tumbo hilo. Upo pia mpapai wa aina ya tatu, ambao ua lake lina vyote viwili. Huo unajizalia wenyewe, hausubiri mposaji.

Sasa hao wa misumari. Si waongo kabisa. Dume la mpapai lina tabia ya kuyumba: hali ya hewa ikibadilika, mara nyingine linatoa vipapai vichache vyembamba mwishoni mwa vile vikonyo virefu. Aliyepigilia msumari wiki mbili kabla atautangazia mtaa mzima kwamba ni kazi ya mkono wake. Aliyepigilia asipate kitu ananyamaza, na ndiyo maana habari zote za misumari unazozisikia ni za ushindi.

Fanya hivi. Acha dume moja, lile lenye afya. Linatosha kuchavusha majike kumi na zaidi. Manne yaliyobaki yakate. Mvua zikianza, panda miche mitatu kwenye kila shimo, uisubiri ichanue. Itachukua miezi mitano, sita, saba. Ikichanua ndipo unachagua: jike au ule wa aina ya tatu unabaki, madume yanang'oka. Wengi wanashindwa hapa kwa huruma. Wameitunza miche kwa nusu mwaka, mkono unakuwa mzito, wanaiacha yote mitatu ikasongamana shimo moja, na mwisho wake hakuna ulioshiba.

Na mbegu usiokote tu. Ukienda gulioni uliache papai la mviringo. Hilo ni la jike, na baba yake humjui. Nunua lile refu. Refu ni la mpapai wa aina ya tatu, na kama ua lake lilijichavusha lenyewe, mbegu zake hazikupi dume hata moja: theluthi mbili hivi zitafanana na mama yao, theluthi moja zitakuwa majike, na zote zitazaa. Hili ungeambiwa na huyo fundi baiskeli ningemsamehe habari ya kanga.

*Shangazi, mimi ni mwanaume mwenye mikorosho yangu niliyorithi kwa baba. Mke wangu ana vituta sita vya mchicha na matembele karibu na kisima. Ulipofika wakati wa kupuliza nilikuwa sina hela ya petroli ya mashine wala ya kijana wa kupuliza. Mke wangu akafungua pindo la kanga, akanikopesha. Sasa ananiandika kwenye daftari. Kijiweni wananiita Mdaiwa wa Mchicha. Nimkataze bustani?*
*Mwenye Mikorosho, Ruponda*

Mkataze, halafu mwakani ukakope wapi?

Tazama hesabu ya nyumba yako. Mkorosho unakulipa mara moja kwa mwaka. Unaokota, unaanika, unapeleka chama cha msingi, mzigo unaingia ghalani, unangoja mnada wa chama kikuu cha ushirika, RUNALI, unangoja bei, unangoja makato, unangoja benki. Stakabadhi ghalani tunayo kwenye korosho tangu 2007, na uzuri wake na ubaya wake tumeshaujadili mpaka sauti zimekauka. Kisha Juni inafika, mikorosho inataka kupulizwa, na hela ya msimu uliopita imeshakuwa bati, au imekwenda kwenye jando na unyago. Mchicha hauna ghala wala mnada. Umesia leo, wiki ya nne unachuma, jioni hela iko pindoni. Mwenye mikorosho ni tajiri wa Novemba. Mkeo anakula miezi kumi na miwili, na wewe unakula kwake.

Na kwa kuwa umetaja kupuliza, nikuulize mimi: vile vituta viko umbali gani na mikorosho yako? Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, umande ungali juu ya majani na upepo umelala, ili vumbi lishike vizuri na kuzuia ubwiriunga. Lakini vumbi hilo linatua popote. Litatua kwenye mchicha wa mdai wako, na kwenye maboga na matango jua likiwa kali linaweza kubabua majani. Basi umwambie siku moja kabla. Achume kinachochumika, afunike kinachobaki, na mboga zozote za jirani na mashine zioshwe vizuri kwa maji mengi kabla ya kuingia chunguni. Hiyo ihesabu kuwa riba.

Daftari mwache aandike. Mwombe akufundishe na wewe.

*Shangazi, naishi kwa wakwe. Mama mkwe ana kuku wengi, wanaparua mchicha wangu mpaka mizizi. Nikimweleza ananiambia, "Kuku hajui mpaka, mwanangu." Nikiwafukuza, naonekana nimefukuza wenye nyumba.*
*Mkamwana, Mnero*

Kuku wa mama mkwe hajawahi kukutwa na kosa popote duniani. Usishtaki. Panda juu.

Tafuta gunia lililostaafu korosho. Changanya udongo mafungu mawili na samadi iliyooza fungu moja. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, kisha jaza udongo kulizunguka. Udongo ukifika ukingoni mwa kopo, livute juu, ulijaze tena kokoto, uendelee hivyohivyo mpaka gunia likufike kiunoni. Ndani inabaki nguzo ya kokoto toka juu hadi chini. Maji unamwaga hapo, yanashuka na kusambaa, hata yale uliyooshea mchele yanapata kazi. Ubavuni toboa matundu kwa kisu, chomeka miche ya chainizi au vipando vya matembele. Juu kabisa weka nyanya au vitunguu vya majani. Matundu ya chini yaanzie juu ya kimo cha kuku aliyenyoosha shingo. Pima kwa jogoo, usipime kwa kifaranga. Na juu zungushia miiba, maana jogoo anaruka.

Baada ya hapo nenda kwa mama mkwe, piga goti, useme: "Mama, naomba kinyesi cha kuku wako, bustani yangu haistawi bila hao." Utaona uso wake. Kinyesi kibichi kinaunguza miche, kwa hiyo kirundike na majani makavu, ukilowanishe, ukifunike, kioze mpaka harufu iishe. Ila sasa, kinyesi kilichotapakaa uani kote kinakusanywaje? Kuku lazima wawe na banda. Hilo neno wewe usilitamke. Mama mkwe ataligundua mwenyewe na kumwita mwanawe aje na misumari.

*Shikamoo Shangazi. Nimerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam. Nimepiga hesabu kwenye simu: ekari moja ya matikiti ni mashina 4,000, kila shina matunda mawili, kila tunda shilingi 2,000, jumla milioni 16 kwa siku 80. Nikilima ekari tano ni milioni 80. Babu kanipa shamba, lakini kila nikimsomea hesabu anacheka. Anacheka nini?*
*Mkurugenzi Mtarajiwa, Kilimarondo*

Marahaba, Mkurugenzi. Babu anacheka kwa sababu yeye ni mtu wa Nachingwea. Hesabu ya namna hiyo ilishafika hapa kwa meli.

Mwaka 1946 Waingereza, vita vimekwisha na mafuta ya kula kwao ni haba, walipiga hesabu ya karanga. Ujumbe wao ulizunguka wiki chache, ukarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, hasa Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Hawakujaribu kwanza kipande kidogo. Matrekta yakaja, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa kuifuata Nachingwea. Kongwa mvua zikawagomea, na udongo ukikauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazing'oki. Kufika 1951 mpango umefutwa na pauni milioni 36 hivi zimekwenda na vumbi. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwetu yakabaki majina: mpaka leo mtu anakuelekeza Farm 17, mahali ambapo baadaye FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, waliweka kambi yao ya mafunzo, na hashughuliki kukueleza shamba namba 16 lilikuwa wapi.

Wale hawakuwa wajinga. Kwenye karatasi hesabu yao ilikuwa safi kuliko yako.

Wewe anza na mashina ishirini, karibu na maji. Utajifunza mambo ambayo simu haikukwambia. Ua la jike la tikiti hufunguka asubuhi moja tu. Nyuki asipopita siku hiyo, basi. Ukipuliza dawa asubuhi hiyo umemuua mshenga. Utajua pia shina moja linakunywa kiasi gani mwezi wa Septemba, kisha uzidishe mara 4,000, uangalie na kisima. Hizo milioni 80 usizifute. Kwenye simu hazilali njaa.

*Shangazi, jirani alipita akasema, "Nyanya zako zimependeza." Wiki hiyohiyo zikaanza kuoza kitakoni, duara jeusi. Niite mganga?*
*Mwenye Hofu, Ruangwa*

Nyanya yenye duara jeusi kitakoni imekosa kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu yenyewe imo ardhini. Haipandi kwa kuwa Jumatatu unamwaga ndoo tatu, halafu unakumbuka tena Ijumaa. Mwagilia kiasi, kwa mpangilio, na tandaza nyasi kavu shinani unyevu usikimbie. Zilizokwisha kuoza hazirudi, zitoe. Maganda ya mayai ukiyasaga ukayatia hayana ubaya, lakini yanaoza polepole, msimu huu hayatakuokoa. Kama ungeniambia majani yana njia nyeupe ndani yake na matunda yametobolewa, ningekwambia ni kantangaze, yule nondo aliyeonekana nchini 2014, na ningeshusha pumzi kabla ya kuendelea. Lako ni la ndoo. Jirani mpelekee sahani ya nyanya kwa ulivyomdhania.

*Shangazi, mkwe wetu mpya kutoka mjini anakaanga kisamvu dakika tano, anasema ndivyo vitamini zinavyobaki.*
*Mama Mwenye Wasiwasi, Mbekenyera*

Mnyang'anye mwiko. Kisamvu kibichi kina sumu. Kitwangwe kwanza, kisha kichemke muda mrefu bila kufunikwa, ndipo karanga au nazi vifuate. Vitamini atazipata kwenye papai.

*Tembo wamepita kwenye migomba yangu. Nifanyeje?*
*Kilimarondo*

Hilo limemzidi Shangazi. Usitoke na tochi wala sufuria. Toa taarifa serikali ya kijiji ili maofisa wanyamapori waitwe. Wako wanaozungushia kamba zenye vitambaa vilivyolowekwa oili chafu na pilipili ya kusaga, na wengine wanatundika mizinga ya nyuki kwenye uzio. Vyote vinasaidia kiasi. Ndizi zikikaribia kuiva uzikate mapema, ziivie ndani.

*Shangazi, kuna mtu anachuma matembele yangu usiku. Si mbuzi, maana anachuma kwa mpangilio. Nimfanyeje?*
*Asiyelala, Kilimarondo*

Kama unapanda kwa ajili ya majani, matembele kadiri yanavyochumwa ndivyo yanavyochipua, kwa hiyo hadi sasa huyo ni kibarua wako asiyelipwa. Kama unangoja viazi, anakutia hasara. Majani yakichumwa kupita kiasi kiazi hakijai. Ukitaka kumjua, mvua zikianza panda upupu kwenye uzio, upande anaoingilia. Kiangazi maganda yakikauka, nenda siku ya gulio, kaa kivulini, utazame nani anajikuna. Watoto waambie mapema umeupanda wapi. Mumeo usimwambie.