Njia Panda ya Rongo

Pale Rongo barabara itokayo Kisii hugawanyika: moja hushika njia ya Awendo ikateremka hadi Migori, na ya pili ikakata kulia kupitia Rodi Kopany mpaka Homa Bay, ziwani. Mimi, karani mstaafu niliyekabidhiwa kiinua mgongo changu mwezi wa Desemba pamoja na nasaha nyingi zisizotozwa kodi, nilisimama katika njia panda hiyo miezi mitatu, wala sisemi kwa mafumbo: nilisimama kwa miguu yangu miwili, mkoba kwapani, makanga wa Migori akinivuta huku na wa Homa Bay akinivuta kule, hata siku moja mkono wa koti langu ukakata shauri kabla yangu, ukachanika.

Homa Bay kulikuwa na omena, dagaa wale wavuliwao kwa taa usiku wa kiza, wakaanikwa juani na kuuzwa kwa gorogoro. Migori kulikuwa na dhahabu ya Macalder, ichimbwayo tangu zama za wakoloni, ambayo jirani yangu aliahidi kunipatia hisa katika shimo moja. Nilipokuwa nikinunua omena katika fikra, moyo ulililia dhahabu. Nilipochimba dhahabu, pua ilinusa omena. Kila nilipokwenda huku au huko kupeleleza soko nililipa nauli, nikala samaki, nikarejea; na gharama hizo zote niliziandika daftarini, kwa hati nzuri, chini ya jina la “rasilmali”. Karani hata anapojihadaa hufuata utaratibu.

Baina ya safari na safari niliketi barazani kwa fundi cherehani, mkabala na steji, nikiwajazia watu fomu za basari na kuwaandikia barua za kuomba kazi. Walinipa shilingi 50, nami nilizipokea kama mtu asaidiaye tu, madhali tajiri mtarajiwa hahesabu vijisenti. Aliyeniuliza kazi yangu nilimjibu, “Biashara ya omena na dhahabu,” ilhali sikuwa na hata dagaa mmoja.

Hatimaye niliazimia, na azma yangu ikaangukia tarehe 1 Aprili. Niliwasili ufukweni Homa Bay na magunia mapya kumi, nikakuta mashua za omena zimepinduliwa mchangani. Mama mmoja muuza samaki alinitazama kuanzia viatu.

“Mzee, hujui omena wamefungwa leo? Mpaka mwisho wa Julai.”

Kila mwaka, akanieleza kwa upole uliouma kuliko matusi, dagaa hao huachiwa miezi minne wazaane. Nikajibu kwamba nilikuja kuangalia ziwa tu.

“Na magunia?”

Nililala Migori, nikaamkia Macalder. Mvua za masika zilikuwa zimenitangulia: shimo langu limejaa maji hadi mdomoni, wachimbaji wako kivulini wanacheza ajua, na chura aliyekuwa akiogelea humo ndiye mwanahisa pekee aliyekuwapo kazini.

Nyumbani mama watoto alilitwaa daftari bila kunigombeza, jambo lililonitisha zaidi, akafungua kurasa za nyuma nilikoorodhesha wenye fomu, kwa sababu tu mkono wa karani hauwezi kutulia. Akahesabu kwa kidole. Fomu na barua: 186, shilingi 9,300. Omena: sifuri. Dhahabu: sifuri. Rasilmali aliipitia kimya, ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikitembea.

“Baba watoto,” akasema, “unga tuliokula tangu Januari ulitoka wapi?”

Nilifungua kinywa, nikakifunga.

Asubuhi makanga wangu wawili walinirukia kama ada. Niliwapita wote, nikamwomba fundi cherehani anishonee mkono wa koti na anikodishie meza. Alitaka kodi ya mwezi mzima mbele. Nikampa magunia kumi. Akayanusa moja moja, akashangaa mbona hayanuki omena.