Ukungu Wenye Risiti

Vitabu vya mapishi hudai kwamba rojo la kuchovya la jibini ya buluu ni kazi ya dakika chache: ponda jibini, changanya na mayonezi na mala iliyochujwa maji, kamulia ndimu, tia kitunguu saumu na pilipili manga. Ni kweli, kwa anayeishi peke yake. Katika nyumba ya kawaida hapa Mumbuni, Machakos, yenye mama mkwe, dada wa kazi, watoto na mgeni aliyesema atalala siku moja tu, adui wa rojo hili si mpishi asiyejua kazi. Ni watu waliolelewa vizuri. Anayelimwaga hana ubaya na mtu: amefungua friji kutafuta sukuma wiki ya jana, akakuta kitu chenye madoa ya kijani kinachonuka soksi za mwanafunzi wa bweni, akalimwaga, akaosha bakuli, kisha akangoja ashukuriwe. Hata ajali zinazosingiziwa mapishi, chimbuko lake ni wema uleule. Rojo likiwa majimaji, kuna aliyekuta mala inaning’inia kitambaani ikidondosha maji, akaihurumia na kuirudisha kwenye sufuria. Likikatika mabonge, kuna aliyekumbuka kuwa maziwa sharti yachemshwe, akalibandika jikoni.

Mtu atapinga: watu wanaokunywa mala, na majirani zao wanaosifu mursik yenye masizi, watishwe na jibini? Lakini uchachu hauna rangi ya kuushtaki, ukungu unayo, na Ukambani ukungu una kesi nzito. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwadhuru watu 317 katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika, na 125 kati yao wakafa. Hilo si la mzaha, na anayetupa chakula chenye ukungu baada ya hapo asiitwe mshamba. Tofauti ipo, ila haionekani kwa macho. Kuvu wa mahindi yale, Aspergillus flavus, hujialika mwenyewe kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Wa jibini, Penicillium roqueforti, hupandwa makusudi, kisha jibini hutobolewa kwa sindano ndefu ili apate hewa ya kustawi. Sasa mweleze mama mkwe Kilatini hicho, naye bakuli ameshalishika. Tena huenda haki ni yake: stima ikipotea siku nzima na rojo likaota manyoya meusi au ya waridi, huyo si kuvu aliyelipiwa, na Kilatini hakitamwokoa mtu.

Wengine watasema dawa ni kuandika “usitupe” juu ya kopo. Maandishi hayo hayana uzito. Kopo la aiskrimu limebeba maharagwe kwa miaka mingi katika friji za nchi hii, na hakuna anayeamini tena kilichoandikwa kwenye kifuniko. Kinachoaminika ni risiti. Ibandikwe kwenye kopo, bei ikitazama mbele, maana kwa kilo jibini hii huipita nyama ya mbuzi kwa mbali. Mnunuzi ataitwa kichaa, na wanaomwita hivyo watakuwa na hoja, lakini kopo litabaki frijini. Rojo likifika mezani na mabawa ya kuku, mgeni aliyeisoma risiti atachovya mara mbili, huku amekunja uso.