Redi, stedi, halafu?

Norwich, Jumapili usiku

Shangazi,

 Jumbe zenu kutoka Muheza za kuomba bati nimezipata zote saba, nitazijibu huko mwisho. Kwanza nikusimulie neno lililonitoa jasho katika nchi ya baridi.

Neno lenyewe ni unison. Wenyewe hulitamka “yuniseni”, mkazo wote kwenye ile “yu”, kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka kaacha chungu motoni. Nililisikia mara ya kwanza kazini, kwenye makao ya wazee. Nilikuwa zamu moja na dada mmoja Mwingereza, kanizidi miaka 20 hivi, tunataka kumsogeza mzee mmoja apande juu kidogo kitandani. Mzee mwenyewe ni mvuvi mstaafu wa Lowestoft. Huku mtu habebwi mzobemzobe, Shangazi. Analazwa juu ya shuka laini la kutelezeshea, mmoja anashika upande huu, mwingine upande ule, mnavuta. Dada yule akaniambia tuvute unison.

Nikamjibu kwa adabu zote kwamba bado sijajiunga.

Kosa si langu peke yangu. Kwenye chumba chetu cha kunywea chai kuna bango la zambarau na kijani limeandikwa UNISON kwa herufi kubwa, nami nilishauliza ni nini. Ni chama cha wafanyakazi: watu wa hospitali, wa halmashauri, wa shule, na sisi wa kutunza wazee, wanachama zaidi ya milioni. Basi nikaelewa kwamba mzee huyu husogezwa na wanachama tu, na mimi ambaye ada haijaanza kukatwa nisije nikaleta kesi. Nikaachia shuka. Mzee akanitazama mimi, akamtazama mwenzangu, akauliza kama kuna mgomo.

Dada alicheka mpaka akakalia kiti cha mgonjwa. Alipopata pumzi akanifafanulia: ni Kilatini, unus ni moja na sonus ni sauti, na chama kilijipa jina hilo mwaka 1993, vyama vitatu vilipoungana kuwa kimoja. Nikashangaa anavyoyajua yote hayo. Kumbe ndiye mwakilishi wa chama pale kazini! Kesho yake alinijia na fomu na kalamu. Sasa hivi, Shangazi, mimi ni mwanachama. Huku hata kutokujua neno kunakatwa kwenye mshahara.

Lakini siku ile kitanda kilikuwa bado kinatungoja. Hesabu yao ni ya maneno matatu: redi, stedi, slaidi. Unavuta papo hapo kwenye slaidi. Sasa mimi nimekulia kwenye harambee. Kiongozi anaita, wengine mnaitikia “hee!”, na nguvu inatoka kwenye kuitikia. Yule dada akavuta kwenye slaidi, mimi nikaitikia slaidi yake kisha ndipo nikavuta. Mzee akapanda juu mshazari, kama jahazi lililokatika usukani. Akasema, kwa upole, kwamba miaka yake yote Bahari ya Kaskazini hakuwahi kulazwa hivyo.

Ungedhani hapo nimeshalijua neno. Sikulijua.

Nimejiunga na kwaya ya mtaani, inakutana Jumanne jioni kwenye ukumbi wa kanisa, haina kupimwa sauti, mradi uchangie chai. Siku ya kwanza nikaomba karatasi ya solfa. Wakatazamana. Nikawaimbia do, mi, so, do nikionyesha na mikono, wakapiga makofi wakidhani ni ngoma ya kwetu. Shangazi, solfa zile ulizotufundisha na fimbo mkononi zimeanzia hapahapa Norwich! Mwanamke wa mji huu, Sarah Glover, alitunga mfumo wa kufundishia watoto kuimba akautolea kitabu mwaka 1835. Mchungaji mmoja, John Curwen, akauchukua, akaurekebisha, akaueneza, na wamisheni wakaupakia melini pamoja na Biblia. Sasa nafika kwenye chimbuko, wenyewe hawaujui. Ni sawa na mgeni kuja Muheza akute watu wanauliza chungwa ni nini.

Basi mwalimu wa kwaya akasema ubeti wa kwanza tuuimbe unison. Nikajua: pamoja. Na kwetu kuimba pamoja ni nini, kama si kila mtu kukamata sauti yake? Wakaanza, watu 30, nami nikaingia na sauti ya pili kama ulivyonilea, tena kwa kifua. Mwalimu akainua mkono. Kimya. Akasema inapendeza sana, inapendeza kweli. Mwanzoni sifa kama hizi zilinivimbisha kichwa, siku hizi nimezoea: kwa Kiingereza cha hapa “inapendeza sana” maana yake ni acha.

Kumbe unison ya waimbaji ni wote nota ileile, hakuna wa pili wala wa tatu, besi anaimba kile anachoimba soprano, ila yeye huko chini. Nikasikitika moyoni. Kwetu wimbo wa sauti moja ni wimbo mbichi, wa siku ya kwanza ya mazoezi kabla hujagawa sauti. Ungethubutu kuupeleka madhabahuni? Lakini nikanyamaza nikasikiliza, na sitakudanganya, vinyweleo vilisimama. Halafu ni kazi ngumu. Kwenye sauti nne ukipotea unawasingizia teno. Kwenye sauti moja huna pa kujificha, kila sikio linajua ni wewe. Si kama ile “kauli moja” ya mkutano wa kijiji, inayoandikwa kwenye muhtasari na mwenyekiti huku watu wananung’unika nje.

Tukija kwenye bati. Jumbe 7, Ijumaa ileile, kati ya saa 2:10 na 2:25 usiku, maneno yaleyale, kuanzia “tunakukumbuka sana” mpaka “mvua zinakuja”. Mmoja wenu aliandika “mabti”, na wengine sita wakaandika “mabti”. Hiyo ndiyo unison, Shangazi, mwalimu wangu angewapigia makofi. Ila sikusikia sauti ya pili popote ikisema misumari itatoka kwake.

Kwa hiyo nagawa sauti. Mimi bando 2 za bati, geji 28. Baba Mdogo mbao. Kaka misumari na kofia za paa, ajira anayo. Wewe chakula cha fundi, na usimamie asilale mchana. Nikizisikia sauti zote nne natuma siku hiyohiyo.

Redi, stedi.

Mwanao,
wa sauti ya pili