Jinsi ya Kuazima Mbuzi kwa Jirani

Karibu Songea, mgeni. Kabla hujafungua mizigo, jua kwamba huku, kama kwingineko Tanzania, vitu vingi vinatumia majina ya kuazima. Mtu alikiona kitu, akasema "mbona kama fulani," na sote tukaitikia. Fuata hatua hizi uaibike kidogo tu.

Hatua ya 1: Omba mbuzi. Umenunua nazi sokoni, na kwa kuwa imetoka Pwani, bei yake ina nauli ndani. Sasa unataka kuikuna. Usimwendee jirani na "Shikamoo mama, naomba mbuzi." Atakuuliza kama kwenu kuna harusi. Unachotaka ni kile kigoda cha kukunja kilichotoa ulimi wa chuma wenye meno. Mwambie, "Mbuzi yetu imepotea." Ukiteleza ukasema "mbuzi wetu amepotea," mtaa mzima wa Bombambili utaingia vichakani kukusaidia kutafuta.

Hatua ya 2: Sikiliza kiambishi. Jina limeazimwa, lakini sarufi haikudanganywa. Kariri:

- Kanga ametaga: okota mayai. Kanga imechuja: aliyekuuzia alikuapia kwamba haichuji. Madoadoa ya ndege ndiyo yanayotajwa kuwa chanzo cha jina la nguo.
- Ndege ametua: yuko juu ya mwembe. Ndege imetua: kampokee shemeji uwanjani.
- Kipanya ameingia: ita paka. Kipanya kimeingia: gombania siti, na mfuko wa mahindi upakate mwenyewe.
- Kifaru amekuja: panda mti. Kifaru kimekuja: mti hautakusaidia.

Hatua ya 3: Jihadhari pale kiambishi kinapokutupa. Ukiwa na hamu ya mguu wa kuku, usitangaze mbele ya polisi kwamba unao mfukoni. Mtaani hilo ni jina la bastola. Ukitaka ndizi za mkono wa tembo, taja ndizi kwanza, hasa akiwepo askari wa wanyamapori. Na ukimtuma kijana zege, mweleze aende kwa nani. Zege la fundi ni saruji, mchanga na kokoto. La muuza chipsi ni viazi vilivyogandishwa kwa mayai, nalo hukaukia tumboni.

Hatua ya 4: Rudisha mbuzi. Ioshe, ikaushe, uipeleke na kibakuli cha wali wa nazi. Mama akiuliza, "Imekuna vizuri?" umefaulu. Akiuliza, "Amekula?" anakutania. Nawe umeshakuwa mtu wa mtaa.

Mtihani wa mwisho. Jina moja hapa halikutokana na kufanana na chochote. Mji umepewa jina la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa kupigana Vita vya Majimaji. Kwa hiyo angalia kiambishi chako. Songea ina matope mwezi Machi na vumbi mwezi Agosti: lalamika utakavyo, hata sisi tunalalamika. Songea ana kaburi: hapo vua kofia.