Sikukuu Yenye Daftari la Madeni

Sikukuu ninayoipenda kuliko zote si ya dini yangu, na kinachonivutia kwake ni hesabu. Kwa wafanyabiashara Wahindu wenye asili ya Gujarat, Diwali hufunga mwaka wa biashara. Daftari jipya huwekwa mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, likanyunyiziwa unga mwekundu na punje za mchele, na ukurasa wake wa kwanza ukaandikwa maneno ya heri na faida. Siku hizi hata kompyuta hupelekwa kubarikiwa. Sijui fundi atamwelezaje mwenye kompyuta kwamba herufi zimekwama kwa sababu ya baraka zilizoingia chini ya vitufe. Sasa itazame Krismasi yetu. Nguo za watoto, kuku, soda na nauli ya wageni, vyote hukopwa kwa furaha, kisha tunakabidhiwa kwa Januari bila hata kuagwa. Hakuna aliyewahi kupeleka daftari la duka kanisani liombewe. Ndiyo maana nashikilia kwamba sikukuu inayokumbuka deni inamfaa mtu wa Rongo kuliko ile inayomsahaulisha.

Huku Rongo, katika kaunti ya Migori, ni nchi ya miwa. Muwa huchukua mwaka na nusu au zaidi kukomaa, na malipo yake nayo hukomaa kwa wakati wake. Katikati hapo watu hula kwa jina lililoandikwa dukani. Diwali nayo inagusa ardhi yetu: siku mbili kabla yake huja Dhanteras, ambapo Mhindu hununua dhahabu, au sufuria mpya ikiwa mfuko umekataa. Dhahabu imo ardhini hapa Migori, ila mchimbaji mdogo akiipata huiuza upesi alipe unga alioula wiki iliyopita. Vitamutamu vya Diwali kama jalebi, laddu na barfi navyo haviendi popote bila sukari. Kwa hiyo dhahabu yetu na sukari yetu zinaweza kufika karamuni, nasi wenyewe tukahudhuria kwa majina tu, ndani ya daftari.

Mtu ataniuliza: inakuhusu nini, na sheria ya Kenya inaitaja Diwali kuwa mapumziko ya Wahindu pekee? Swali zuri, ila sheria hiyo haikufikiria funguo. Mwajiri Mhindu anapumzika kihalali, funguo zikiwa mfukoni mwake, mfanyakazi wake Mjaluo au Mkisii anatakiwa kazini kihalali, na kufuli la duka linawasikiliza wote wawili bila kufunguka. Mwingine atasema sikukuu ya taa haifai mji ambao Oktoba na Novemba hunyeshewa na stima hupotea. Lakini Diwali huadhimishwa usiku usio na mwezi, kwa taa za udongo zisizodai tokeni. Stima ikipotea, mtaa mzima unawasha mishumaa, na jirani hawezi kujua nani anasherehekea na nani analaani. Fataki sizitetei: karibu na shamba la miwa mikavu, furaha ya dakika moja inaweza kuunguza mavuno ya mtu.

Pingamizi gumu ni hili: daftari jipya halifuti deni, linalihamisha tu kutoka la zamani. Nakubali, na hapo ndipo ninapoipenda zaidi. Deni lililosamehewa huleta aibu mtu akapita njia ya nyuma. Lililohamishwa kwa mwandiko safi humruhusu kuingia dukani akiamkia kwa sauti. Tatizo kubwa la Diwali ni tarehe. Sikukuu hii hufuata mwezi: mwaka 2023 ilikuwa 12 Novemba, 2024 ikaja 31 Oktoba, na 2025 ikaangukia 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, Wahindu wakapoteza mapumziko yao ndani ya mapumziko ya taifa. Mwenye deni aliyezoea kujificha Novemba alikutwa barabarani. Kila baada ya miaka mitatu hivi, hata hivyo, kalenda ya Kihindu huongezewa mwezi mzima, na mwaka 2026 Diwali ni 8 Novemba. Hizo ni siku 19 za nyongeza, bila riba.