Mshukiwa wa Kwanza ni Stima

Kompyuta ya nyumbani ikigoma kuwaka Rongo, hukumu hutolewa kabla mtu hajashika bisibisi. Mkosaji ni stima. Mwenye nyumba anajua, mama watoto anajua, na jirani aliyekuja kuomba chumvi tu anaketi kutoa ushahidi.

Na hawasingizii bure. Bonde la Ziwa Victoria, ambamo Rongo imo, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mchana upepo wa ziwani huingia nchi kavu ukiwa umebeba unyevu, hukutana na vilima vya Gusii, na kufikia alasiri mawingu yameanza kuongea. Msimu wa masika, ngurumo ya kwanza hutosha kumfanya mtu ang'oe kila plagi nyumbani, kuanzia televisheni hadi pasi ambayo haijatumika tangu Krismasi.

Stima yenyewe ina faili nene. Tarehe 7 Juni 2016 Kenya nzima ilikaa gizani kwa sababu tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mpigo, mitambo mingine ikalemewa, nchi ikazimika. Tumbili alitoka mzima na kukabidhiwa shirika la wanyamapori, KWS. Baada ya hapo, nani atamwambia jirani wa chumvi kwamba nadharia yake ni ya kipuuzi?

Ila mashine huwa na maelezo yake, na huyatoa mapema. Tumchukue mwalimu wa sekondari wa upande wa Kamagambo, mwenye kompyuta ya mezani iliyokuja nchini mtumba kutoka Uingereza, na alama za wanafunzi zinazotakiwa Jumatatu. Anabonyeza kitufe. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini inabaki nyeusi. Kisha ndani ya sanduku kunalia: piiii, piiii, piiii. Mwalimu anaizima haraka, asije akalipua nyumba.

Hapo ndipo amemfunga shahidi mdomo. Kabla Windows haijaamka, programu ndogo iitwayo BIOS hupiga kwata: kumbukumbu, yaani RAM, ipo? Kadi ya picha ipo? Kibodi ipo? Kama skrini haiwezi kuonyesha kitu, BIOS hutumia spika kutaja anayekosekana. Milio hutofautiana kati ya watengenezaji, lakini katika mashine nyingi zenye BIOS ya Award, mlio mrefu mmoja ukifuatwa na mifupi miwili huelekeza kwenye picha, na mirefu inayojirudia huelekeza kwenye RAM. (Si kila ujumbe wa kompyuta una akili, tukubaliane. Kuna mashine za zamani zilizotangaza kwamba kibodi haionekani, kisha zikamwomba mtu abonyeze F1 ili kuendelea.)

Baada ya kuizima, mwalimu anaipiga kofi na kuiwasha tena. Inawaka. Kuanzia hapo kofi ni dawa rasmi ya nyumba, kila mtoto ana ubavu wake wa kupiga, na hakuna anayeuliza kwa nini mashine yenye hitilafu ya stima inapona kwa kupigwa. Sababu ipo. Vipande vya ndani hupata joto vikatanuka, hupoa vikanywea, na baada ya miaka ya mchezo huo RAM hulegea kwenye nafasi yake au meno yake hupata kutu na vumbi. Vumbi halina uhaba kwenye barabara ya kwenda Awendo, trela za miwa zinapoelekea kiwanda cha sukari cha Sony kiangazi. Kofi huisogeza RAM kidogo, na likizidi huharibu diski, yenye alama za wanafunzi.

Siku kofi linaposhindwa, fundi anaitwa, anakuja na bisibisi na raba ya penseli.

"Mwalimu, ilikuwa inalia?"

"Ilianza kulia nikaizima. Ni stima, omera."

"Ililia mara ngapi?"

"Sasa ningehesabu nyumba ikiungua?"

Fundi anachomoa RAM, anasugua meno yake kwa raba, anairudisha mpaka ishike. Picha inatokea. Lakini haijafika Windows: inasimama kwenye maandishi meupe, ikidai mipangilio imepotea, na saa yake iko miaka mingi nyuma, kabla ya hawa wanafunzi kuzaliwa. Hapo stima inarudi kizimbani, safari hii kwa njia ambayo shahidi wa chumvi hakuiota. Ndani ya kompyuta kuna betri bapa ya volti 3 iitwayo CR2032, jina linalomaanisha upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio mashine inapokosa umeme. Kompyuta ikiwa kwenye soketi, hata ikiwa imezimwa, betri hupumzika. Ikichomolewa kila jioni kwa kuogopa radi, betri hubeba mzigo usiku kucha, na hufa mapema. Kumbe woga wa stima nao unazima kompyuta! Mipangilio ikipotea, mashine inaweza kusahau hata namna ya kuisoma diski yake, na hata ikiwaka, kivinjari humkatalia mwenyewe tovuti nyingi kwa kuwa vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika.

Mita ya tokeni ukutani isiicheke kompyuta kwa kupotelewa na saa. Mita hizo zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya hesabu ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Wenye nyumba walibonyeza tarakimu 20, tena 20, kuirekebisha mita, kabla ya 20 za stima yenyewe.

Betri mpya inawekwa, saa inarekebishwa, mashine inazimwa na kuwashwa tena. Maandishi meupe: mfumo haupatikani. Mwalimu ananyanyua mkono, kofi tayari. Fundi anainama nyuma ya sanduku na kuchomoa flashi ya nyimbo za injili, ambayo mtoto aliichomeka na kuisahau. Mipangilio mipya iliagiza mashine ijaribu flashi kabla ya diski, nayo ilitii, ikatafuta Windows katikati ya kwaya.

Flashi inawekwa mezani. Windows inafunguka, alama zote zipo. Mwalimu anauliza kama kuchomoa flashi nako kunalipiwa. Fundi anasema flashi ni bure, RAM ni bei ya kawaida, betri ni bei ya dukani, na bodaboda ya kutoka stendi inangoja pale nje, stima iwepo isiwepo.